Kiroboto Haogopi Mlima, Anaogopa Ukavu

Jimboni Colorado, Marekani, wafugaji wa mbwa husikika wakisema kwamba viroboto hawasumbui kwao kwa sababu ya mwinuko. Mji wa Denver uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Timbilil, Kericho, nchini Kenya, penye kituo cha utafiti wa chai, ni mita 2,180, na mbwa wa huko hujikuna kama mwenzake wa Mombasa.

Siri ni unyevu. Denver hupata chini ya milimita 400 za mvua na theluji kwa mwaka. Kericho hunyeshewa karibu milimita 2,000, bila kuhesabu umande na ukungu wa asubuhi.

Kiroboto jike hutaga mayai hadi 50 kwa siku katika manyoya ya mnyama, lakini mayai hayanati. Humwagika popote mnyama alalapo. Buu anayetoka humo ni mweupe, hana miguu, na mwanga humkimbiza hadi kwenye nyufa za sakafu, chini ya gunia, nyuma ya godoro. Chakula chake hasa ni kinyesi cha wazazi wake, yaani damu iliyokauka. Hana kinga dhidi ya hewa kavu: unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 kwa muda, hunyauka akafa.

Baridi nayo ina kazi yake, ila isipokuwa kali sana humchelewesha tu. Penye joto la nyuzi 29 hivi, yai huwa kiroboto kamili kwa wiki mbili au tatu. Kwa nyuzi 13, safari hiyohiyo huweza kuchukua zaidi ya miezi minne. Wastani wa joto Kericho ni kama nyuzi 17. Hata hivyo, kiroboto haishi ndani ya kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa. Anaishi jikoni penye moto wa kuni, au kibandani alikolala mbwa, ambako kuna joto kuliko nje.

Ukishuka Bomet kuelekea Chepalungu, joto huongezeka na mvua hupungua. Huko viroboto hukua upesi, lakini kiangazi kikikausha ua, mabuu walio juani hufa.

Anayetilia shaka kwamba viroboto hustawi milimani aitazame Lushoto, katika milima ya Usambara, Tanzania. Tauni, inayoenezwa na viroboto wa panya, ilizuka huko mwaka 1980, na kwa zaidi ya miongo miwili iliyofuata wilaya iliripoti zaidi ya wagonjwa 7,000, wengi wao vijijini juu ya mita 1,200.

Kwa mkazi wa Konoin au Litein, basi, kungoja baridi ya Julai iwamalize viroboto ni kupoteza muda. Anika matandiko ya mbwa kila jua linapotoka, fagia nyufa, ziba zinazozibika, na rudia baada ya wiki mbili: hata ukinyunyiza dawa, pupa, yaani buu anayegeuka kuwa kiroboto kamili, hadhuriki upesi ndani ya kifuko chake cha hariri.