Somo la Redio: Daftari la Mauzo na Kodi ya Biashara Ndogo

Chukueni kalamu na daftari, kwa maana leo tutaona jinsi kujua kuandika kunavyoweza kumpunguzia kodi mfanyabiashara mdogo wa Tanzania.

Kwanza tuelewe maneno mawili. Mauzo ni fedha zote ulizopokea kwa kuuza. Faida ni fedha inayobaki ukiisha kutoa gharama. Usiyachanganye, kwani kodi ya mfanyabiashara mdogo hupimwa kwa mauzo ya mwaka mzima, si kwa faida.

Sasa sikiliza mfano. Wanawake wawili wauza dagaa sokoni, meza zao zimekabiliana. Kila mmoja huuza kwa shilingi 20,000 kwa siku, naye hufanya kazi siku 250 kwa mwaka. Zidisha. Mauzo ya kila mmoja ni shilingi 5,000,000. Wa kwanza huandika mauzo yake kila siku. Wa pili huweka hesabu kichwani.

Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi kodi hii. Yakizidi hapo, lakini yasipite 7,000,000, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000. Asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000.

Basi, mama wa kwanza amezidisha shilingi 1,000,000, na kodi yake ni shilingi 30,000. Wa pili atalipa 100,000. Dagaa ni wale wale, soko ni lile lile. Shilingi 70,000 zimempotea kwa kukosa daftari. Tena, afisa wa kodi akimkadiria mauzo makubwa kuliko ya kweli, hana cha kumwonyesha.

Je, uandike namna gani? Piga mistari upate safu nne: tarehe, kitu, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Jaza kila jioni kabla ya kufunga. Risiti za ununuzi zitie katika bahasha. Daftari likijaa, usilichane kufungia karanga! Sheria yataka lihifadhiwe miaka 5.

Namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, bila malipo. Kodi yenyewe hulipwa kwa mafungu manne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Lipa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo uliyopewa, na risiti uitunze.

Ukiona umekadiriwa kupita kiasi, usinung'unike tu. Una siku 30 tangu kupokea hati ya makadirio kumwandikia Kamishna Mkuu pingamizi. Lakini ujue kwamba sharti kwanza ulipe theluthi moja ya kodi hiyo, au sehemu usiyoibishia, ile iliyo kubwa zaidi.

Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na viwango huweza kubadilika. Kwa hiyo kila mwaka, kabla hujakadiriwa, uliza ofisi ya TRA iliyo karibu.

Zoezi: Fundi viatu ameandika mauzo ya shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Kwa viwango vile vya 2019, atalipa kodi kiasi gani? Jibu ni shilingi 60,000. Kama hukulipata, rudia hesabu pamoja na mwenzako.

Kwaherini, na jioni ya leo anzeni ukurasa wa kwanza.