Mbawakawa wa Nyika na Majira Yao

Aghalabu mtu apitaye katika nyika ya Tsavo wakati kiangazi kimeshitadi, migunga na miti ya jamii ya manemane ikiwa imekwisha kupukutisha majani yake, hudhani kuwa mbawakawa, ambao wataalamu wamekwisha kuzipa majina aina zao zikaribiazo 400,000 ulimwenguni, wameihama ardhi ile; na dhana hiyo ni batili, kwa kuwa wengi wao wamo chini ya nyayo zake, ama wangali mabuu, ama wamekwisha kukomaa nao wanaingoja mvua.

Watazame wale walao kinyesi cha ndovu. Kusi ikiisha nguvu na mvua za kwanza za vuli zikailainisha ardhi, hufumka kwa wingi usiosadikika. Na mwaka 1974 wataalamu J. M. Anderson na M. J. Coe walitoa taarifa, ambayo hata leo siisomi bila ya kustaajabu, ya kuwa mbawakawa wapatao 16,000 waliujia mrundo mmoja tu wa kilo moja na nusu, na katika muda wa saa mbili wakaumaliza, hawa wakila papo hapo, hawa wakifukia, na wengine wakibiringisha fungu lao na kwenda zao. Kiangazi mrundo kama huo hukauka upesi, ukakosa umajimaji uwafaao, na kazi ile wakairithi mchwa.

Heliocopris, aliye jitu miongoni mwao, huzika kinyesi chini sana, akakifinyanga madonge na kuyakandika udongo, kila donge na yai lake. Buu hula kutoka ndani hata akageuka mbawakawa kamili, naye hubaki mahabusi katika donge lililokuwa gumu mithili ya tofali, mpaka maji ya mvua yapenye na kulilegeza.

Walao majani, bila shaka, hufuata machipukizi. Lakini wako ambao kiangazi ndiyo neema yao: wale wadogo, ndugu wa fukusi watoboao kunde ghalani, ambao mabuu yao hukulia ndani ya mbegu za mgunga wakati makaka yake yakiiva na kuanguka. Basi mtafiti atakayefukia vikopo vyenye chambo cha mavi katika miezi ya ukame, kisha akaandika kwamba nyika ni fukara wa mbawakawa, atakuwa amewakosa waliolala ardhini, na hata hawa waliokuwa macho juu ya kichwa chake.