Dawa ya mahindi isigeuke msiba nyumbani

Baada ya mavuno, familia nyingi zisizo na ghala hupanga magunia chumbani wanakolala watoto, kisha hununua dawa ya kuzuia fukusi na dumuzi. Tahadhari inahitajika hapa, kwani dawa hizo ni za aina mbili na hazifanani.

Ya kwanza ni vidonge vya alumini fosfaidi. Kidonge kikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huua wadudu, na huua watu pia. Hupenya magunia na nyufa za milango, na aliyelala huenda asiamke. Hospitalini hatuna dawa maalumu ya kuipinga. Kwa hiyo usiweke kidonge hata kimoja katika nyumba wanayolala watu, hata kama ni chumba cha pili. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, katika ghala lililo mbali na makazi.

Ya pili ni dawa ya unga, inayochanganywa na nafaka. Hii mkulima anaweza kuitumia, kwa masharti yafuatayo:

1. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye maelezo na tarehe, kwa muuzaji aliyesajiliwa. Usitumie dawa ya pamba au ya mifugo.
2. Kausha nafaka vizuri. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado ni mabichi.
3. Pima kama pakiti inavyoelekeza. Kuzidisha hakuongezi kinga, kunaongeza sumu.
4. Changanyia nje kwa koleo, ukiwa umevaa glavu na umefunika pua na mdomo. Watoto na wajawazito wakae mbali. Ukimaliza, oga na ufue nguo zako peke yake.
5. Usile nafaka hiyo kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Kisha pepeta na uoshe kabla ya kusaga.

Dalili za sumu ni kichwa kuuma, kutapika, kutokwa jasho na mate mengi, kifua kubana. Mtoe mgonjwa kwenye hewa safi, mvue nguo zenye dawa, muoshe kwa sabuni na maji. Usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na pakiti ya dawa.

Ipo pia mifuko isiyopitisha hewa. Ukijaza nafaka kavu na kuifunga barabara, wadudu hufa kwa kukosa hewa, bila sumu yoyote.

Ndugu yangu, Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake ili wavuke miaka ya njaa. Alihifadhi chakula ili watu waishi. Nasi tusihifadhi mahindi kwa kupoteza watoto, kwani wao ni amana tutakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.