Majani ya Ruzizi: tuyatambue mbele ya kununua mbegu

Tangu mvua zianze, koperative nyingi zinatuuliza bei ya mbegu ya brakiaria. Sisi tunajibu kwa swali: mumeangalia kwanza pembeni ya njia zenu? Brakiaria moja, Brachiaria ruziziensis, imepata jina lake ku mto wetu Ruzizi. Germain na Evrard, wataalamu wa mimea, waliiandika kwa jina hilo mwaka 1953. Leo wakulima wa Thailand wanazalisha mbegu yake na kuiuza, na kule Brazil wanaipanda katikati ya mahindi. Sisi wenye bonde ndio tunatoa pesa!

Kuitambua kwa rangi au urefu tu haitoshi, juu majani mengi ya porini yanafanana mpaka yatoe maua. Ruzi iko na jani laini lenye manyoya. Ikichanua inafika mita moja hivi, na suke lake linatoa vijitawi 3 mpaka 9, kila kimoja urefu wa kidole. Mbegu zinakaa upande mmoja tu. Sasa geuza kijitawi uangalie mgongo wake: ni mpana na bapa sawa utepe, kama milimita 3, mara nyingi rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo alama kubwa. Ndugu yake, Brachiaria decumbens, anafanana nayo sana, lakini mgongo wa kijitawi chake ni mwembamba, kama nusu ya huo. Ukiwa na mashaka, ngoja maua.

Musimu uliopita koperative moja ilikusanya michango, ikanunua mbegu, wakapanda wiki ileile. Hakuna kitu kiliota. Wakasema muuzaji ni mwizi. Tulipouliza vizuri, tukakuta mbegu ilikuwa imetoka kuvunwa. Mbegu mpya ya ruzi inalala. Inafaa ikae pakavu kama miezi 6 ndipo iote vizuri. Leo wanamemba wengine pale hawataki kuchanga tena, hata kwa mambo mengine. Kwa hiyo, mbele ya kulipa, ulizeni ilivunwa mwezi gani, na mujaribu mbegu 100 ku kitambaa chenye maji.

Lakini kwa shamba dogo, sisi tunapenda vipande vya shina kuliko mbegu. Ng'oa shina lenye afya, ligawanye, kila kipande kibaki na mizizi, punguza majani, panda siku hiyohiyo udongo ukiwa umelowa. Acha sentimita 50 kila upande. Kwa mita 10 kwa 10 utahitaji vipande 400 hivi. Ukitumia mbegu, usiifukie zaidi ya sentimita 2.

Ruzi haipendi maji yanayosimama, wala udongo uliochoka. Mahali pa tope, weka majani mengine. Samadi inaipenda sana.

Palilia vizuri miezi ya kwanza. Usifungulie ng'ombe humo mwaka wa kwanza, watang'oa mashina. Kata upeleke zizini. Ng'ombe aliyeshiba zizini hatafuti mihogo ya jirani, na kesi za namna hiyo tunazijua wote. Kata ya kwanza ni kisha miezi 3 hivi, halafu kila wiki 6 mpaka 8 wakati wa mvua. Acha sentimita 10 juu ya udongo. Ukikata mpaka chini shina linakufa, na magugu yanachukua nafasi.