Kupona na Kutulia: Istilahi za Tiba ya Mapema kwa Watoto Wachanga Wenye VVU

Hivi karibuni rasimu ya kijitabu cha akina mama ililetwa mezani pangu ili isanifiwe. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: mtoto akianzishiwa dawa mapema, virusi huisha na mtoto hupona. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sahihi, na tahajia haikuwa na dosari. Hata hivyo, mama atakayeiamini sentensi hiyo anaweza kuacha kumpa mwanawe dawa, na mtoto akapoteza maisha. Madhumuni ya makala haya ni kuzichambua dhana zinazohusika, ili mfasiri na mwalimu wasije wakaahidi jambo ambalo sayansi haijaliahidi.

Kwanza tuitazame habari yenyewe. Bila ya matibabu, takriban nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Soweto na Cape Town, Afrika ya Kusini. Watoto walioanzishiwa dawa mapema, wakiwa na umri wa wiki 7 hivi, walipungukiwa na vifo kwa asilimia 76 wakilinganishwa na wale waliosubiri hadi kinga ishuke au dalili zitokee. Manufaa ya kuwahi, basi, hayana ubishi.

Utata wa lugha ulizuka zaidi mwaka 2013. Madaktari wa Marekani walitangaza habari za mtoto aliyezaliwa Mississippi mwaka 2010, ambaye alianza kupewa dawa tatu alipokuwa na umri wa saa 30. Dawa zilikatizwa akiwa na umri wa miezi 18 hivi, na bado virusi havikuonekana katika vipimo vya kawaida. Wengi walisema kuwa amepona. Mwezi wa Julai 2014 ilitangazwa kwamba virusi vimerudi, baada ya miezi 27 bila ya dawa.

Kutokana na mkasa huo twaweza kuzipambanua dhana nne.

(a) Kinga na tiba. Si kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huwa na VVU. Anayepewa dawa ili asiambukizwe hupewa dawa za kinga. Aliyekwisha kuambukizwa hupewa tiba. Dawa zenyewe zaweza kuwa zile zile, lakini makusudio ni mbalimbali. Isitoshe, kipimo cha kingamwili hakitoshi kuwatenganisha watoto hawa, kwani kingamwili za mama huweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Huhitajika kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Kwa hiyo mfasiri asiandike “mtoto mwenye VVU” pale matini inapomtaja mtoto wa mama mwenye VVU.

(b) Kufubaza. Istilahi “dawa za kufubaza VVU” imekwisha kuenea Tanzania, nami naiona ni ya busara. Kitu kilichofubaa kimepoteza mng’ao wake, lakini kingalipo. Ni kweli ndivyo dawa hizi zifanyavyo: huvizuia virusi visizaliane, wala haviviondoi vyote mwilini.

(c) Maficho. Virusi hujipenyeza katika chembe za kinga zenye kuishi muda mrefu na kukaa humo kimya, ambako dawa haziviwezi. Baadhi ya wafasiri wamependekeza “hifadhi”, lakini neno hilo lina sifa ya ulinzi mwema, kama hifadhi ya wanyama au ya chakula. “Maficho” lafaa zaidi. Kwalo twaweza kueleza kwa ufupi sababu ya kuharakisha: kadiri mtoto anavyowahiwa, ndivyo maficho yanavyokuwa madogo.

(d) Kutulia. Hali ya virusi kutoonekana hata baada ya dawa kusimamishwa tuiiteje? “Nafuu” na “ahueni” huelezea jinsi mgonjwa anavyojisikia, ilhali mtoto huyu pengine hakupata kuugua hata siku moja. “Kupona” kwasema kwamba shauri limekwisha. Napendekeza “utulivu wa virusi bila dawa”. Bahari iliyotulia haijakauka. Yaweza kuchafuka tena.

Haja ya istilahi hiyo inazidi kukua. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba, kati ya watoto sita walioanzishiwa dawa katika saa 48 za kwanza na baadaye kusimamishiwa dawa chini ya uangalizi wa karibu, wanne walikaa bila virusi kuonekana kwa wiki 48 au zaidi. Mmoja kati ya hao wanne virusi vilimrudia baada ya wiki 80. Ni habari ya kutia moyo, lakini dawa zilisimamishwa na watafiti waliokuwa wakiwapima watoto mara kwa mara. Mama aliye nyumbani hana maabara.

Ile sentensi ya rasimu sasa inasomeka hivi: “Mtoto akianzishiwa dawa mapema, virusi hufubaa na mtoto hukua vizuri, asiachishwe dawa hata kama virusi havionekani.” Imekuwa ndefu kuliko ya kwanza, lakini ni ya kweli. Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi zilizopendekezwa wanaombwa kuyaleta, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa.