Alama za mtoto wako zinakaa wapi? Mifumo ya upimaji shuleni na namna ya kuilinda

Igogo ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, na nyumba zake zimepanda mlima katikati ya mawe. Zamani mzazi wa hapa alijua matokeo ya mwanawe yanatunzwa wapi. Yalikuwa kwenye daftari kubwa la mwalimu wa taaluma, na daftari lilikuwa kwenye kabati lenye kufuli. Siku hizi alama hizo zimehamia kwenye kompyuta, kwenye simu za walimu na kwenye seva zilizo mbali na Mwanza. Je, kufuli la sasa liko wapi, na nani ana ufunguo?

Katika makala haya tunaeleza mifumo hiyo ni ipi, inafungwaje shuleni, na nini kifanyike ili alama ya mtoto isiibwe, isibadilishwe wala isipotee.

Mifumo iliyopo

Kwanza ni mifumo ya kitaifa. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lina mfumo uitwao PREM, ambamo mwanafunzi wa shule ya msingi husajiliwa na kupewa namba yake. Mtoto wa mvuvi akihama na wazazi wake kutoka Igogo kwenda Ukerewe, uhamisho wake hupitia humo na namba humfuata. Mifumo ya aina hii haihitaji seva shuleni. Mwalimu huingia kwa kivinjari cha intaneti, akiwa na jina la mtumiaji na neno la siri.

Pili ni programu za shule yenyewe. Zipo zinazonunuliwa kwa ajili ya kupanga madaraja na kuchapa ripoti, na zipo shule zinazotumia majedwali ya Excel tu. Hizi hukaa kwenye kompyuta ya ofisi, na mara nyingine kompyuta mbili au tatu huunganishwa ili walimu kadhaa waingize alama kwa pamoja.

Aina hizi mbili hulindwa kwa namna tofauti. Katika mfumo wa kitaifa, shule hailindi seva, bali inalinda neno la siri na kifaa kinachotumika kuingilia. Katika programu ya shule, kila kitu ni mzigo wa shule: kompyuta, mtandao, umeme na nakala.

Kwa nini tujali?

Tuchukue madaraja ya shule ya msingi, ambapo somo lina alama 50. Aliyepata 30 yuko daraja C, na aliyepata 31 yuko daraja B. Kubadili tarakimu moja kwenye kompyuta ni kazi ya sekunde mbili, na haiachi alama ya kifutio kama kwenye karatasi. Anayeumia ni mtoto ambaye hakufanya kosa lolote. Anayependelewa naye anaumia, kwa sababu mzazi wake hatajua mapema kwamba anahitaji msaada.

Jambo lingine ni siri. Faili la matokeo lina majina kamili, jinsi, pengine tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi. Tapeli akilipata, anaweza kumpigia mama jina la mtoto na darasa lake akilitaja bila kukosea, kisha akamwambia mtoto amezidiwa shuleni na fedha ya matibabu inatakiwa sasa hivi. Mama gani atasita?

Dunia ina mfano mkubwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya PowerSchool, ambayo mfumo wake wa kumbukumbu za wanafunzi hutumika sana Marekani na Kanada, iliingiliwa, na taarifa za mamilioni ya wanafunzi na walimu zikachukuliwa. Mwizi hakuvunja ukuta wowote. Aliingia kwa jina na neno la siri vilivyoibwa. Kampuni ililipa fedha ili taarifa zifutwe, lakini miezi michache baadaye baadhi ya shule zilianza kutishwa upya kwa taarifa zilezile. Kama neno la siri moja liliiangusha kampuni kubwa kiasi hicho, shule yenye kompyuta moja haina sababu ya kujiona iko salama.

Kufunga programu: hatua kwa hatua

Kazi huanza kwenye kompyuta, kabla ya programu yenyewe. Kompyuta ya alama isiwe ileile ya kuangalia filamu na kuchapa kadi za harusi. Mfumo wake endeshi uwe halali na unaopokea masasisho. Kwa toleo la kawaida la Windows 10, masasisho ya bure ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo shule inayolitumia ipange kuhama. Nakala za kuvunjwa kufuli zinazouzwa kwenye flashi huja na virusi ndani yake.

Pili, zifunguliwe akaunti mbili. Moja ni ya msimamizi, ya kufungia programu tu. Nyingine ni ya kawaida, ya kazi za kila siku. Kirusi kikiingia wakati mwalimu yuko kwenye akaunti ya kawaida, hakipati mamlaka ya kuharibu kila kitu.

Tatu, kila mwalimu awe na jina lake na neno lake la siri ndani ya programu. Mwalimu wa Hisabati aingize alama za Hisabati, asiweze kugusa za Kiswahili. Programu nzuri huandika nani alibadili nini na saa ngapi. Kama walimu wote wanatumia akaunti moja ya mwalimu mkuu, kumbukumbu hiyo haina maana, na likitokea tatizo lawama zote zitamwangukia yeye.

Nne ni mtandao. Ruta huja na neno la siri la kiwandani, ambalo mara nyingi limeandikwa kwenye kibandiko chake. Libadilishwe siku ileile ya kufunga. Ruta nyingi zinaweza kutoa mtandao wa wageni ulio peke yake. Simu za walimu, wageni na wanafunzi ziwekwe huko, na kompyuta ya alama ibaki kwenye mtandao wake, ikiwezekana kwa waya. Hapo simu yenye kirusi haitaiona kompyuta ya matokeo.

Tano, umeme na radi. Ukanda wa Ziwa Victoria unajulikana kwa ngurumo na radi nyingi. Kifaa cha UPS huipa kompyuta dakika chache za kufunga kazi vizuri umeme unapokatika, na mawingu yakikusanyika ni busara kuchomoa waya ukutani. Mlango wa ofisi nao uwe na kufuli, maana mwizi akibeba kompyuta amebeba na alama.

Nakala tatu

Kuna kanuni rahisi ya kukumbuka: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya shule. Kwa mfano, ya kwanza iwe kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye neno la siri. Diski isiachwe imechomekwa, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili huifunga na yenyewe. Mara moja kwa muhula nakala ifunguliwe kuhakikisha inasomeka.

Karatasi isidharauliwe. Orodha ya alama iliyosainiwa na mwalimu wa somo ndiyo shahidi wa mwisho pale kompyuta na mwanafunzi wanapotofautiana.

Mianya ya kila siku

Mara nyingi taarifa huvuja kupitia mambo tuliyoyazoea. Faili hupelekwa steshenari kuchapwa, likabaki kwenye kompyuta ya pale na kila mteja akaweza kulifungua. Ni afadhali shule ichapishe yenyewe. Ikishindikana, mwalimu asimame pale hadi faili lifutwe. Flashi inayozunguka mitaani ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Mwalimu akihamishwa kituo, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Ujumbe unaodai "akaunti yako ya mfumo itafungwa, weka neno la siri hapa" usijibiwe, bali mwalimu aulize ofisi ya elimu kwa namba anayoijua.

Mwanya mwingine ni makundi ya WhatsApp ya wazazi, ambako orodha ya darasa zima hurushwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto wa mwisho naye ana jina na majirani. Kila mzazi apewe ya mwanawe.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na inamtaka anayekusanya taarifa azilinde na azitumie kwa kusudi lililokusanyiwa tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inafanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, hata kama neno la siri lilibandikwa ukutani.

Mzazi uulize nini?

Kwenye kikao kijacho cha wazazi, uliza maswali manne kwa heshima. Alama za watoto wetu zinatunzwa wapi? Nani anaweza kuzibadilisha? Nakala iko wapi, na ilijaribiwa lini? Nani mwingine, mbali na shule, anaziona? Shule yenye majibu itayatoa kwa dakika tano. Isiyo nayo haihitaji kugombezwa. Pengine inahitaji kamati ya shule ikubali kununua diski moja ya nje na kifaa cha UPS kabla ya kupaka rangi geti.