Safari ya insulini ambayo jina ‘kisukari’ linatuficha

JINA la ugonjwa laweza kumpotosha mgonjwa. Kwa kuwa ‘kisukari’ limetokana na ‘sukari’, wengi wetu husema: “Ukilamba sukari sana, utaugua kisukari.” Kauli hiyo hukisahau kiungo kinachohusika hasa, nacho ni kongosho.

Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya seli ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka wa 1869, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Humo ndimo zilimo seli za beta zinazotengeneza insulini.

Je, huitengenezaje? Insulini ni protini, na protini ni mfano wa shanga zilizotungwa uzini. Kila ushanga ni asidi amino. Seli huanza kwa kutunga uzi wa shanga 110. Shanga 24 za kwanza ni kama anwani kwenye barua: huuelekeza uzi kwenye retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa vijia ndani ya seli. Ukishafika, anwani hukatwa. Shanga 86 zinazosalia ndizo proinsulini, aliyoigundua Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1967.

Proinsulini hujikunja na kukazwa kwa vifundo vitatu vya salfa. Ikikunjwa vibaya, seli huiharibu. Iliyo sawa husafirishwa hadi kwenye kifaa cha Golgi, ambako hupakiwa katika vifuko. Humo vimeng’enya huikata sehemu ya katikati iitwayo C-peptidi. Hapo ndipo tunapata insulini yenyewe: nyuzi mbili, mmoja wa shanga 21 na mwingine wa shanga 30, zikiwa zimefungamana. Molekuli sita sita hushikana kwa madini ya zinki, zikangoja.

Zangoja nini? Tuseme umekula ugali. Glukosi hupanda damuni na kuingia katika seli za beta, nazo huitumia kuzalisha nishati. Nishati hiyo hufunga milango ya potasiamu, kisha milango ya kalsiamu hufunguka. Kalsiamu ikiingia, vifuko huungana na utando wa seli na kumwaga insulini damuni, pamoja na C-peptidi kwa idadi ile ile.

Maelezo haya yana manufaa hospitalini. Insulini ya sindano haina C-peptidi. Kwa hivyo, daktari akiipima C-peptidi, hutambua kama kongosho la mgonjwa bado linajitengenezea insulini, hata kama anadungwa kila siku.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziangamiza seli za beta. Katika aina ya pili, mwili huwa mkaidi kwa insulini, na baada ya muda seli hizo hulemewa. Sasa fikiria mzazi wa mtoto mwenye aina ya kwanza anayeambiwa, “Mnyime tu sukari, atapona.” Akiziacha sindano, mtoto atakufa, hata asipoonja peremende.

Sisemi tulitupe neno ‘kisukari’, limekwisha kuzoeleka. Ila tunapolieleza, tusiishie kwenye sukari. Tulitaje kongosho, tuitaje insulini, na mzazi yule atajua kwa nini sindano haina mbadala.